Mgeni, Sheria na Pembe za Shamba

Katika nchi ya Marekani Wakristo wana mabishano makubwa juu ya sheria ya wageni. Wote washika Kitabu kimoja, wala hawapatani juu ya mtu avukaye mpaka bila ruhusa. Yatupasa kulichungua neno hili, maana Kitabu chao ndicho chetu.

Tarehe 14 Juni 2018, Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Bwana Jeff Sessions, alihutubia watu katika mji wa Fort Wayne. Siku zile serikali ilikuwa ikiwashtaki watu wazima waliokamatwa wakivuka mpaka wa kusini bila idhini, na kwa sababu hiyo watoto zaidi ya 2,000 walitengwa na wazazi wao. Katika kuitetea sheria, Bwana Sessions alitaja Warumi sura ya 13, ambapo Mtume Paulo awaagiza waamini kuwatii wenye mamlaka. Wachungaji wengi wakampinga. Siku 6 baadaye Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kukomesha utengano ule.

Hata hivyo, wenye kuitetea sheria wana hoja zao. Mwanachuoni James Hoffmeier, katika kitabu chake cha mwaka 2009, asema kwamba neno la Kiebrania «ger» lamhusu mgeni aliyepokewa kwa ruhusa, si kila apitaye. Akumbusha kwamba Waisraeli walimwomba mfalme wa Edomu wapite katika nchi yake, nao walipokataliwa waligeuka. Kweli, nyumba isiyo na mlango haina usalama. Mwanachuoni mwingine, Daniel Carroll, ambaye mama yake ni wa Guatemala, aanzia kwenye uumbaji: mwenye hati na asiye na hati, wote wana sura ya Mungu.

Mwaka 2025 mabishano yaliwaka tena. Makamu wa Rais, Bwana JD Vance, alisema upendo una utaratibu: kwanza jamaa, kisha jirani na wananchi wenzako, ndipo walimwengu wengine. Tarehe 10 Februari Papa Fransisko aliwaandikia maaskofu wa Marekani, akiwaelekeza kwa mfano wa Msamaria mwema.

Basi, sisi twaonaje? Kwanza, Warumi 13 isisomwe nusu. Sura ya 12 yatangulia kuagiza ukarimu, na mstari wa 10 wa sura ile ile ya 13 wafundisha kwamba upendo ndio utimilifu wa sheria. Tena yafaa kukumbuka kuwa sura hii ilitumiwa na watetezi wa sheria ya Marekani ya mwaka 1850, iliyoamuru watumwa waliotoroka warudishwe kwa mabwana zao. Wapinzani wao walijibu kwa Kumbukumbu la Torati 23, ikatazayo jambo hilo hilo.

Pili, Torati haikuzitenga sheria na huruma. Ruthu Mmoabi aliokota masazo katika shamba la Boazi. Boazi alikuwa mwema, lakini hata kabla ya wema wake sheria ilikwisha kuagiza pembe za shamba zisivunwe, masazo yawe ya maskini na mgeni. Tena iliagiza kibarua mgeni alipwe kabla ya jua kuchwa, na hukumu iwe moja kwa mgeni na mwenyeji. Hivyo sheria ilimfunga mgeni, nayo ilimlinda.

Kwa hiyo kuuliza kama tuchague sheria ama huruma si swali la Biblia. Swali lake ni hili: je, sheria hii imemwachia mgeni pembe ya shamba? Serikali yaweza kulinda mpaka wake; lakini sheria imnyang'anyayo mama mtoto wake haikuacha pembe hata moja.

Nasi tusiwahukumu Wamarekani tu. Vijana wa nchi jirani hulima mashamba yetu, na wako wenyeji wawanyimao ujira wakijua kwamba asiye na hati hathubutu kwenda kushtaki. Walimu, fundisheni Mambo ya Walawi 19 pamoja na Warumi 13. Wazazi, kabla ya sala ya jioni, ulizeni kama kibarua mgeni amekwisha kulipwa.