Limfoma ya Burkitt: Msee wa Kinoru, taya la mtoto likivimba ghafla usikimbilie kung'oa jino

Kama wewe ni mtu wa Kinoru, lazima umewahi kulalamika kuhusu baridi. Julai ikifika, ukitoka kejani asubuhi kushika matatu, jaketi moja haitoshi. Lakini hiyo baridi inakufanyia kazi ambayo pengine hujawahi kuishukuru. Inawapa shida mbu wa malaria huku juu, na kwa kufanya hivyo inapunguza uwezekano wa mtoto wa kwenu kupata saratani moja ambayo dunia iliijua kupitia watoto wa hapa Afrika Mashariki.

Inaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya seli za kinga, zile seli zinazopigana na magonjwa mwilini. Huku kwetu hushika sana watoto wa kati ya miaka 4 na 9, na wavulana kuliko wasichana. Ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Siku, si miezi.

Sasa usiogope. Hii pia ni mojawapo ya saratani zinazopona vizuri zikiwahiwa. Ndiyo maana nataka uielewe leo, kuanzia ndani kabisa kwenye DNA. Si lazima uwe na digrii. Mimi chuo sikumaliza, na hii stori imeniingia vizuri tu.

Daktari wa jicho moja

Mwaka wa 1957, Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuwa Mwairishi, na jicho moja alilipoteza akiwa mtoto. Siku moja mwenzake, Dkt Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto wa miaka 5 aliyekuwa amevimba taya pande zote, juu na chini. Haikufanana na jipu la jino, na haikufanana na kitu chochote alichokijua.

Muda mfupi baadaye alikuwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vilevile. Akampima, akakuta na tumbo pia lina uvimbe. Hapo ndipo alipoanza kufukua faili za hospitali, na mwaka wa 1958 akachapisha alichokiona.

Swali lililomsumbua lilikuwa moja: huu ugonjwa uko wapi na hauko wapi? Alituma barua katika hospitali nyingi za Afrika. Kisha Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia kwenye gari kuukuu wakaendesha kwa wiki kumi, karibu kilomita 16,000, kuelekea kusini mwa bara hili. Kila hospitali waliyofika waliuliza kama wamewahi kumwona mtoto wa namna hii.

Ramani iliyotoka ilishangaza. Ugonjwa ulikuwa kwenye joto na mvua. Palipokuwa pakavu sana haukuonekana. Na karibu na ikweta, ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi, ulikuwa nadra sana. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa Entebbe, akagundua kuwa cha maana si urefu wa mlima, ni joto. Na ramani ya joto na mvua ni ramani ya mbu.

Sasa jiweke kwenye hiyo ramani. Meru mjini tuko karibu kabisa na mita 1,500. Ukishuka Embu, tayari uko chini ya huo mstari. Ukiendelea hadi Mbeere, Tharaka au Mwea, uko chini zaidi na joto unalisikia mwenyewe. Nchini Kenya, wagonjwa wengi hutoka upande wa Ziwa Victoria na Pwani, kule malaria ni ya mwaka mzima. Lakini mstari wa mita 1,500 si ukuta. Familia zinahama, watoto wanaenda kukaa kwa nyanya zao, na mbu hasomi ramani.

Mwili hujikata wenyewe

Hapa ndipo stori inakuwa tamu. Ndani ya kila seli yako kuna DNA, maagizo yenye herufi karibu bilioni 3, yaliyofungwa kwenye kromosomu. Hizo herufi huharibika maelfu ya mara kwa siku katika kila seli. Jua, moshi, hata pumzi yenyewe ya seli, vyote vinachangia. Hujafa kwa sababu ndani yako kuna mafundi: protini ambazo kazi yao ni kuzunguka zikitafuta palipoharibika na kurekebisha. Mwaka wa 2015, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kuonyesha jinsi mafundi hawa wanavyofanya kazi.

Lakini kuna seli moja ambayo hukata DNA yake kwa makusudi. Inaitwa seli B, na ndiyo inayotengeneza kingamwili, zile silaha za kupigana na vijidudu. Ili kutengeneza silaha kali zaidi, seli B hutumia kimeng'enya kinachoitwa AID, ambacho kilitambuliwa na maabara ya Tasuku Honjo kule Japani mwaka wa 1999. AID huharibu jeni za kingamwili mahali maalum, uzi wa DNA unakatika, halafu mafundi wanakuja kuunga. Mara nyingi inaenda poa kabisa.

Fikiria fundi wa stima kwenye ploti yenu. Kuna waya wenye moto saa zote, na kuna waya wa king'ora ambao una swichi yake, unawaka na kuzimwa. Siku moja nyaya zote mbili zinakatika kwa wakati mmoja. Fundi anakuja gizani, anashika ncha mbili, anaziunga. Kazi yake ni safi, hakuna waya unaoning'inia. Shida ni kwamba ameunga king'ora kwenye waya wenye moto. Sasa kinalia usiku na mchana, na swichi haisaidii.

Ndivyo limfoma ya Burkitt inavyoanza. Waya wenye moto ni jeni ya kingamwili, mara nyingi ile iliyoko kwenye kromosomu ya 14, ambayo kwa seli B haizimwi. King'ora ni jeni inayoitwa MYC, kwenye kromosomu ya 8, ambayo kazi yake ni kuiambia seli igawanyike. Zikiungwa pamoja, MYC haizimiki tena. Seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na hakuna wa kusema basi. Wanasayansi waliona vipande hivi vilivyobadilishana mahali kwenye darubini miaka ya 1970, na mwaka wa 1982 wakaitambua MYC kuwa ndiyo iliyohamishwa.

Hili ukilielewa, utaacha kumlaumu mtu. Huo muungano mbaya hutokea kwenye seli moja, mtoto akiwa ameshazaliwa. Hakurithi kwa baba wala mama, hakurogwa, na hawezi kumwambukiza mwenzake darasani.

Malaria inaingilia wapi?

Machi 1961, Burkitt alitoa hotuba London. Mmoja wa waliokuwa wakisikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wakakubaliana: vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka wa 1964, Epstein pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wameona kirusi kipya ndani ya seli hizo. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr, na ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Lakini ngoja. Kirusi hicho husambaa kwa mate, na zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho. Mimi na wewe pengine tunacho. Mbona basi si wote tunaugua?

Hapo ndipo malaria inapoingia. Mtoto anayeugua malaria tena na tena, seli zake B haziendi likizo. Ziko kazini wiki baada ya wiki, AID ikikata, mafundi wakiunga. Kadiri mikato inavyokuwa mingi ndivyo nafasi ya kuunga vibaya inavyoongezeka. Seli iliyoharibika hivyo kwa kawaida hujiua yenyewe, lakini kirusi kikiwa ndani, kinaweza kuisaidia isife. Mwaka wa 2015, Davide Robbiani na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, Marekani, walionyesha kwenye panya kwamba malaria ya muda mrefu huifanya AID iendelee kufanya kazi, na katika panya waliokosa kinga fulani ya saratani, ikaongeza limfoma zenye DNA iliyoungwa vibaya.

Kwa binadamu kuthibitisha ni ngumu zaidi. Mkoani Mara, Tanzania, kati ya 1977 na 1982, watoto walipewa dawa ya klorokwini kuzuia malaria ili ionekane kama limfoma itapungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya dawa kuanza kutolewa. Kwa hivyo jaribio hilo peke yake halikumaliza ubishi. Ila ushahidi wa ramani, wa maabara na wa hospitali ukiuweka pamoja, wote unaelekea upande mmoja. Neti unayomtandikia mdogo wako ukimpeleka Tharaka inazuia homa, na huenda inazuia zaidi ya homa.

Inapona, lakini haingoji

Burkitt mwenyewe alianza kuwapa watoto dawa za saratani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadhi ya uvimbe ukayeyuka baada ya dozi chache. Kazi hiyo ya Mulago ndiyo iliyozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda mwaka wa 1967. Moja ya dawa zinazotumika hadi leo, vinkristini, hutoka kwa ua lenye asili ya Madagaska ambalo watu wengi hupanda nje ya nyumba kama pambo.

Kwa nini dawa hufanya kazi hivyo? Kwa sababu nyingi kati ya dawa hizi hushambulia seli inayogawanyika, na seli za Burkitt karibu zote ziko mbioni kugawanyika. Kasi yake ndiyo hatari yake na ndiyo udhaifu wake. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hupona. Huku kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu zinajulikana: mtoto anafika akiwa amechelewa, dawa zinakatika katikati, nauli inaisha, mzazi anamrudisha nyumbani baada ya uvimbe kupungua akidhani vita vimeisha.

Kwa hivyo shika haya. Taya linalovimba haraka, meno ya mtoto kulegea bila sababu, jicho moja kusukumwa nje, tumbo kuwa kubwa na gumu, au miguu kuishiwa nguvu ghafla: hiyo si ya kungoja wikendi. Jino likishang'olewa na uvimbe unaendelea kukua, usikubali kuambiwa ungoje. Mpeleke mtoto hospitali kubwa, kama ile ya rufaa hapa Meru mjini, uombe uvimbe ukatwe kipande kidogo upimwe. Ukitumwa Kenyatta au kwingine, nenda wiki hiyo hiyo. Hakikisha familia imesajiliwa SHA sasa, wakati hakuna mgonjwa. Na dawa zikianza, mtoto amalize mizunguko yote hata akionekana amepona.

Tuma hii kwenye grupu ya familia, hasa kwa yule shangazi anayelea watoto kule chini kwenye joto.