Vitabu kwa Watoto wa Kambini
Ndugu askari, amri ya uhamisho huja ghafla, na sanduku la safari halichukui vitabu vingi. Basi tuchague. Kwa mtoto mdogo twaanza na "Hekaya za Abunuwasi". Mzazi asome kwa sauti, mtoto acheke. Akikua kidogo apewe "Adili na Nduguze" ya Shaaban Robert (1952): nyani wawili wapigwao kila usiku humlazimisha aulize sababu, wala hatalala kabla ya kuijua. "Kusadikika" (1951) kingoje. Humo Karama ashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, naye ajitetea mbele ya mfalme kwa habari za wajumbe sita waliotumwa zamani. Kijana wa sekondari, ambaye baba yake huwafikisha watu mahakamani, atakuwa na maswali. Yafaa baba akisome kwanza.