Stima Ikizimika, Waya Haujafa

Ndugu mkulima, stima ikikatika mjini Kisumu, watu huwasha taa na kungoja. Ikikatika kwako wewe mwenye majaruba ya mpunga huko Ahero au West Kano, maji husimama. Ahero hupata maji yake kwa pampu kutoka mto Nyando, na West Kano huyavuta kwa pampu kutoka ziwani. Pampu ikinyamaza wakati mpunga unapotoa maua, hasara utaiona siku ya kuvuna, wala hakuna mbolea ya kuirudisha.

Kwa hiyo yafaa ujue stima hutoka wapi, kwa nini hukatika na kwa nini mafundi hukawia. Tena yafaa ujue namna ya kujilinda wakati huo, maana wengi hudhani kwamba taa zikizimika hatari nayo imekwisha.

Stima tunayotumia pande zetu hutoka mahali pengi. Nyingine hutoka karibu, huko Sondu Miriu, ambako maji ya mto huteremshwa kwa nguvu ili yazungushe mashini. Nyingine hutoka mbali, katika mvuke wa ardhini wa Olkaria karibu na Naivasha, na katika mabwawa ya mto Tana. Yote huunganishwa pamoja, na kusafirishwa juu ya milingoti mirefu ya chuma kwa nguvu ya volti 132,000 na zaidi. Nguvu kama hiyo ikiingia nyumbani mwako itaiteketeza nyumba. Lazima kwanza ipunguzwe, na kazi hiyo hufanyika katika kituo cha kupozea umeme, yaani ule uwanja uliozungushiwa ua na kujaa vyuma na waya. Humo mna transfoma kubwa zinazoishusha stima mpaka volti 33,000 au 11,000. Halafu transfoma ndogo iliyo juu ya nguzo karibu nawe huishusha tena, iwe volti 240 kwa taa na volti 415 kwa pampu kubwa.

Katika kituo hicho kila njia ya waya ina swichi yake, na swichi hizo ni kama askari wa lango. Tawi likiangukia waya, au radi ikipiga, stima hukimbia kwa wingi usio wa kawaida, na swichi hujizima yenyewe kabla hujapepesa jicho. Watu husema kituo kimeharibika. Mara nyingi hakijaharibika, kimefanya kazi yake. Kama swichi isingejizima, transfoma yenyewe ingeungua, na transfoma kubwa ya kituo si kitu cha kununuliwa dukani asubuhi na kufungwa jioni.

Hata hivyo, kasoro ya mahali pamoja yaweza kuwafikia watu walio mbali sana. Tarehe 7 Juni 2016 hata vijana wanaikumbuka: tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mashini nyingine zikaelemewa na mzigo, nazo zikajizima, hata zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikawa gizani kwa muda wa masaa kadhaa. Tumbili mwenyewe hakufa. Alichukuliwa na watu wa idara ya wanyama wa pori.

Huku kwetu tumbili si adui mkubwa. Adui ni radi, maana eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi sana duniani. Adui mwingine ni mafuriko ya Nyando, ambayo hulainisha udongo mweusi wa Kano mpaka nguzo ikalala. Na adui wa tatu ni miti tunayoipanda sisi wenyewe chini ya waya. Mkaratusi hukua upesi, na mwenye shamba husahau kuupunguza.

Sasa, kwa nini mafundi hukawia? Swichi ya kituoni huwaambia ni njia ipi yenye kasoro, lakini haiwaambii ni nguzo ipi. Njia moja yaweza kwenda kilomita nyingi, kupita mashamba ya miwa na vinamasi. Hapana budi waifuate, wakitazama nguzo moja moja, na usiku wenye mvua kazi hiyo ni ngumu. Huwa wanaifunga njia vipande vipande, na kurudisha stima kwenye vile vilivyo vizima. Ndiyo sababu jirani yako ng'ambo ya barabara aweza kupata taa kabla yako, wala hakutoa hongo.

Nawe waweza kuwapunguzia safari. Ukiona nguzo imelala au mti umeangukia waya, piga simu ya kampuni ya stima, namba 97771, useme ni karibu na shule gani au daraja gani, na kama nguzo ina namba iliyoandikwa, uisome ukiwa mbali. Maneno “huku hakuna stima” hayamsaidii fundi sana.

Sasa angalia sana. Swichi nyingine, baada ya kujizima, hujaribu kujiwasha tena zenyewe, kwa kuwa mara nyingi tawi huwa limekwisha kuanguka chini na njia i safi. Kwa hiyo waya uliolala katika jaruba lako, nyumba zote zikiwa gizani, waweza kupata stima tena bila onyo. Tena mafundi waweza kuirudisha wasijue kwamba kuna waya chini. Usiushike, usiusogeze kwa fimbo, wala usiingie katika maji yanayougusa. Kaa mbali, zaidi ya hatua kumi, na katika maji mbali zaidi. Ukijikuta karibu, usipige hatua ndefu. Ondoka kwa kuburura miguu yako ikiwa pamoja, kwa maana stima hupita ardhini na kupanda mguu mmoja ikashuka mwingine. Ng'ombe hufa upesi kwa sababu hiyo hiyo: miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Ng'ombe akianguka, mwache. Kumfuata ni kuongeza maiti.

Wako pia watu wanaotoboa transfoma usiku na kuiba mafuta yake. Mafuta hayo ndiyo yanayoipoza; yakiisha, transfoma huungua na kijiji kizima hukaa gizani. Mengine yameuzwa kwa wakaangaji wa chipsi, nayo ni sumu. Ukisikia nyundo juu ya nguzo usiku wa manane, waite polisi.

Mwisho ni pampu. Stima ikikatika, izime swichi ya pampu mara moja. Pampu kubwa hutumia waya tatu zenye stima, na mara nyingine stima hurudi katika waya mbili tu. Hapo mota hunguruma bila kuzunguka, hupata moto, na huungua katika muda mfupi. Basi stima ikirudi, ngoja kidogo, hakikisha waya zote tatu zina stima, ndipo uiwashe. Ukiwa bado unangoja, chukua jembe uzibe matundu ya panya na kaa katika kingo za majaruba, ili maji yaliyomo yasitoroke.