Mtoto akiokota chuma asichokijua

Morogoro. Kwa Mswahili, mzinga ni nyumba ya nyuki, na mzinga ni silaha. Katika Kata ya Mzinga, Manispaa ya Morogoro, maana ya pili ndiyo inayokuja haraka akilini, kwa sababu shirika la jeshi linalotengeneza risasi lina jina hilohilo. Lakini ni wazazi wachache wanaojiuliza silaha iliyotumwa vitani na haikulipuka hubaki wapi, na nani huja kuiokota.

Mfano wa kuanzia uko mbali, baharini. Usiku wa Aprili 13, 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Uingereza aina ya Hampden ziliruka kwenda kutega mabomu kwenye maji ya Denmark, njia ya meli za Wajerumani. Askari wa ndege hizo waliiita kazi hiyo “kulima bustani”. Bomu waliliita mboga, na maeneo mengi ya bahari yalipewa majina ya maua na miti. Bomu moja lilikuwa na uzito wa kilo 680 hivi. Lilishuka kwa mwavuli, likazama, likakaa chini likisubiri. Meli ya chuma ilipopita juu yake, sumaku ya chuma hicho ndiyo iliyolilipua.

Kazi hii mara nyingi walipewa wageni kikosini, ikionekana nyepesi kuliko kushambulia miji yenye ulinzi mkali. Haikuwa nyepesi. Katika miaka ya mwanzo ndege ilibidi ishuke chini sana gizani na kwenda moja kwa moja bila kukwepa, huku mwongoza njia akihesabu sekunde tangu alipoitambua kona ya pwani. Meli zenye mizinga zilikuwa zikingoja palepale. Ndege iliyopigwa ilianguka kwenye maji ya baridi, na mara nyingi hakuna aliyeona ilipozama.

Hawa walikuwa vijana wa miaka 20 na kidogo, umri wa mwanao aliye mwaka wa pili chuoni. Katika kikosi kizima cha ndege za mabomu cha Uingereza, kati ya watu wapatao 125,000, walikufa 55,573. Aliyeshindwa kuruka tena kwa hofu na kukosa usingizi aliweza kuandikwa kwenye faili kuwa hana ujasiri. Leo daktari angemwita mgonjwa.

Hadi 1945 walikuwa wametega mabomu zaidi ya 47,000 baharini. Vita vikaisha, vijana waliosalia wakarudi kwao, na meli za kusafisha bahari zikafanya kazi kwa miaka. Hata hivyo silaha za vita vile hazijakwisha kwenye maji ya Ulaya. Aprili 2005, wavuvi watatu wa Uholanzi waliuawa na bomu la zamani lililopanda na wavu wao. Walikuwa wamekwenda kutafuta samaki.

Nchi kavu hali ni hiyohiyo, na hapo Morogoro inaingia. Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa baruti katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Ni panya yuleyule ambaye wakulima wanamjua kwa kuharibu mazao. Ana uzito wa kilo moja na ushee, hivyo anaweza kutembea juu ya bomu la ardhini bila kulilipua. Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, nchi iliyomwagiwa mabomu na ndege za Marekani na baadaye kutegwa mengine katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amenusa mabomu na silaha zisizolipuka zaidi ya 100.

Lakini panya hawezi kuwa kila shamba. Novemba 8, 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu la mkono lililofika shuleni mikononi mwa mtoto lililipuka. Wanafunzi watano walifariki dunia na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Ilielezwa kuwa aliyeliokota alidhani ni chuma chakavu cha kuuza.

Hapo kwenye chuma chakavu ndipo mzazi anapotakiwa kusema na mwanawe, kwa sababu watoto wengi wa mtaani wanajua bei ya kilo. Mwambie chuma asichokijua hakiguswi, hakipigwi jiwe, hakitupwi motoni wala haletewi mama aone. Arudi kwa njia aliyoijia, akumbuke mahali, amwambie mtu mzima. Wewe mzazi nawe usiende kukishika. Zuia watu wasisogee, toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi kwa namba 112.

Mtoto huumia zaidi ya mtu mzima kwa sababu ni mfupi na hukishika kitu karibu na uso na kifua. Akiwa amejeruhiwa, bana panapovuja damu kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia, na usichomoe kipande kilichozama mwilini. Mwahishe hospitali hata kama anatembea, maana mlipuko unaweza kupasua ngoma ya sikio au kuumiza mapafu bila kidonda cha nje.

Aliyepoteza mguu akiwa na miaka minane atahitaji mguu wa bandia unaobadilishwa kila anapokua, pengine kila mwaka, mpaka awe mtu mzima. Wale waliokuwa karibu bila kuguswa nao waangaliwe. Mtoto anayeshtuka usiku, anayeanza tena kukojoa kitandani au anayekataa shule wiki kadhaa baadaye hatakiwi kuchapwa. Apelekwe kituo cha afya, na mzazi aeleze alichokiona mtoto huyo.