Mgongo wa Mlezi

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo afikishwapo kliniki, maswali yote humhusu yeye: analalaje, anamezaje, shingo imekaza au haijakaza. Ni nadra mama aliyembeba kuulizwa habari za mgongo wake mwenyewe. Hata hivyo, afya ya mtoto huyo haiwezi kutenganishwa na afya ya anayemlea.

Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia, au kutokua sawasawa, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya maisha. Miongoni mwa sababu zake ni kukosa oksijeni wakati wa uzazi, umanjano mkali wa mtoto mchanga, na homa ya uti wa mgongo. Si laana. Jeraha la ubongo haliongezeki. Kinachoongezeka ni uzito wa mtoto, ambaye pengine hawezi kukaa wala kutembea.

Kanuni ya wenzo, ifundishwayo katika fizikia, hueleza yanayompata mlezi. Egemeo ni pingili za chini za uti wa mgongo. Misuli ya mgongo huvuta ikiwa umbali wa sentimita 5 hivi nyuma ya egemeo hilo. Mama akimwinua mtoto wa kilo 20 aliye sentimita 40 mbele ya egemeo, umbali huo ni mara 8 ya ule wa misuli. Kwa hiyo misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 160, bila kuhesabu uzito wa kiwiliwili cha mama. Akimsogeza hadi sentimita 20, nguvu hiyo hupungua kwa nusu. Tendo hilo hurudiwa wakati wa kuoga, kula, kujisaidia na kulala, kila siku, kwa miaka.

Mwili si misuli tu. Mlezi aamkaye mara nyingi usiku, na kuishi katika wasiwasi, hutoa homoni ya kotisoli kwa wingi. Kwa muda mfupi homoni hiyo humsaidia mtu kukabili hatari; ikidumu, huvuruga usingizi na kudhoofisha kinga ya mwili. Yakiongezwa masengenyo ya majirani, kipato kilichopotea na pengine mume aliyeondoka, sonona huweza kuingia. Mama mwenye sonona hukosa nguvu za kumlisha mtoto kwa subira au kumpeleka kliniki, naye mtoto huzorota.

Duara hilo hukatika kwa mambo yaliyo rahisi: kuinua kwa kukunja magoti na kumkumbatia mtoto karibu na kifua, kiti cha mbao kilichochongwa kwa kipimo chake, ndugu kupokezana zamu, na vikundi vya wazazi wanaofundishana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, katika ibara ya 23 hutaja msaada kwa mtoto pamoja na wale wanaomlea.

Katika nyumba nyingi zamu hiyo huwaangukia dada na kaka. Mwanafunzi anayesinzia darasani au kuchelewa kila Jumatatu huenda amekesha akimgeuza mdogo wake. Mwalimu na amwulize kwanza, ndipo aamue adhabu.