Skrini Ikileta Ukungu, Cheki Setingi Kwanza

Wasee wa Bunia, pita kwa kibanda cha gemu pale Mudzipela ama Nyakasanza wikendi jioni. Mbogi imejaa hadi mlangoni, PES inawaka, na lazima msee mmoja alie ati mashine imechoka, hata namba za mgongoni haoni.

Mashine haijachoka. Mara mob ni setingi.

Cheki hizi laptop za mitumba. Skrini zake nyingi ni 1366 kwa 768. Ukiweka gemu kwa 1280 kwa 720, nukta za picha hazipatani na za skrini. Laptop inabidi ivute picha ndio ijae, na huko kuvuta ndio ukungu wenyewe. PES 2017 ina kaprogramu kake ka Settings ndani ya folda ya gemu. Fungua hako kwanza, chagua 1366 kwa 768, halafu uingie uwanjani. Hujatoa hata makuta.

Gemu ikianza kukwama, masta, usirudishe hiyo 1366 kwa 768 chini. Shusha vivuli. Vinakula nguvu noma, na mpira ukitembea macho hayavifuati.

Kuna kitu kingine nachukia kabisa: vile picha inapakwa-pakwa ukigeuka mbio. Watengenezaji waliiga kamera za sinema, lakini wewe unataka kumwona adui, si sinema. Kama gemu yako iko kwa Kifaransa, vile wengi huku kwetu tunazicheza, tafuta "Flou de mouvement" uizime. "Profondeur de champ", ile inatia ukungu vitu vya mbali, pia izime. "Échelle de résolution" ikae 100. Ikiwa 70, gemu inachora kapicha kadogo halafu inakavuta, hata kama juu umeandika 1080.

Wa PS3 sasa. Nyuma kuna tundu la HDMI, na bado wasee wanadunga ile waya ya nyekundu, nyeupe na njano! Hiyo haibebi HD. Badilisha waya. Skrini ikibaki nyeusi usipanik: zima PS3, finya batani ya kuwashia bila kuachilia mpaka ilie mara ya pili, itatafuta picha upya. Kwa TV nayo, washa modi ya gemu ndio batani zisichelewe.

Wenye vibanda, kabla ya kutuma mtu Kampala alete mashine mpya, rekebisheni hizi leo. Vijana wanawalipa makuta yao, wapeni picha safi.