Umefunga kipoza oili, mbona gari linatoa matone?

Ukitoka Kisumu kuelekea Kericho, gari hukudanganya hadi Awasi. Nyanda za Kano ni tambarare kama meza na injini inanguruma bila taabu. Kisha mlima unaanza. Kisumu iko kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kericho inapita mita 2,000, na safari yote ni kilomita zipatazo 80. Gari dogo lililojaa abiria na magunia hupanda mwinuko huo likilia kwa gia ndogo, na oili iliyo ndani ya injini hupata moto mpaka ikawa nyepesi mno.

Ndiyo maana wenye matatu na teksi, pamoja na vijana wanaopenda kuyaongezea magari yao nguvu, hununua kipoza oili. Hicho ni kama rejeta ndogo inayofungwa mbele ya gari. Oili hupita humo ikapigwa na upepo kabla ya kurudi injinini. Ikiwa gari lako ni la kupeleka watoto shuleni na kwenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, basi, ndugu msomaji, hifadhi pesa zako. Halikihitaji.

Lakini ikiwa umekwisha kukifunga na kila asubuhi unakuta doa jeusi chini ya injini, usikubali kuambiwa, "Hiyo itajikausha yenyewe, mzee." Haijikaushi. Injini nyingi za magari madogo hubeba lita tatu au nne tu za oili. Ikipungua mno, presha hupotea na beringi za krenki husagika upesi, nawe utaanza kutafuta injini nyingine. Isitoshe, oili inayodondokea ekzosi yenye moto huweza kuwaka.

Anza uchunguzi wako pale filta inapokaa. Vipoza vingi vinavyouzwa huja na kisahani kinachobanwa kati ya injini na filta, ambacho mafundi hukiita sandwichi. Sasa, filta ya zamani inapofunguliwa, mpira wake aghalabu hung'ang'ania kwenye injini. Fundi mwenye haraka hafuti wala hapapasi. Huweka kisahani juu yake, na hapo mipira inakuwa miwili, mmoja juu ya mwingine. Ukiwasha gari huenda pasivuje kitu. Ukikanyaga mafuta, mpira mmoja unateleza na oili inamwagika kama maji ya mfereji. Hakikisha pia kwamba oringi ya kisahani imekaa ndani ya mfereo wake, haikupinda wakati kisahani kilipozunguka kikikazwa. Ipake oili safi kwanza. Filta yenyewe ikazwe kwa mkono: mpira ukishagusa, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi.

Jambo la pili ni hesi, yaani zile nyuzi za skurubu. Filta za Toyota nyingi huwa na hesi za robo tatu ya inchi, na za Subaru na Honda nyingi ni za milimita 20. Tofauti haifiki milimita moja, na kwa macho ni kitu kile kile. Ukiona nati inachezacheza au inakwama baada ya mizunguko miwili, usilazimishe. Rudisha dukani.

Nao wenzetu wa jua kali wana tiba moja kwa kila ugonjwa: silikoni ya tyubu. Ziada yake huminyika kuelekea ndani, ikakatika vipande na kuziba njia za oili. Utepe mweupe wa mafundi wa mabomba nao hauna kazi kwenye viungo vyenye ncha ya pia, kwa kuwa huko kinachozuia oili ni chuma kugusana na chuma, si hesi. Kiungo kama hicho kikivuja, kifungue utazame kama kina mkwaruzo au mchanga, au kama pia ya nyuzi 37 imeunganishwa na ya nyuzi 45.

Mipira je? Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi. Asubuhi, oili ikiwa bado baridi na nzito, presha yake huweza kupita pauni 60. Mpira wa rejeta uliobanwa kwa klipu hautastahimili hayo. Nunua mpira wa oili, na uupitishe mbali na ekzosi na mahali popote unapoweza kusuguliwa.

Mahali doa lilipo sipo panapovuja, kwa sababu upepo husukuma oili nyuma. Osha injini kwanza, lakini si ziwani. Kwa miaka mingi magari yameteremshwa hadi ukingo wa maji pale Lwang'ni ili yaoshwe, ilhali Ghuba ya Winam haina kina kirefu na maji yake hayabadilishwi upesi na ya ziwa kuu. Mtambo wa Dunga huvuta maji ya kunywa ya mji kutoka ziwa hilo hilo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 nayo hukataza kuyachafua maji. Tafuta mahali penye shimo la kunasa mafuta, na oili uliyoimwaga uitie kwenye mtungi uipeleke kwa wanaoikusanya.

Injini ikikauka, nyunyiza poda ya mtoto kwenye kila kiungo, washe likiwa baridi, na utazame kutoka juu kushuka chini. Panapolowa kwanza ndipo penye ugonjwa. Kisha zima, ngoja dakika chache, upime oili na kuongeza, kwani kipoza na mipira yake vimekwisha kunywa kiasi chao. Laza gari juu ya katoni usiku mmoja. Katoni ikiamka kavu, panda Kericho na mzigo mwepesi, usimame Kapsoit ufungue boneti.